Namna ya Kupendwa kwa Njia ya Mkato, Ukiwa Lushoto

Sogea karibu nikunong'oneze. Kupendwa hakutaki sura, wala gari, wala shamba la ekari kumi kule Lukozi. Wataalamu wa saikolojia wamekaa zaidi ya nusu karne wakiwachungulia wachumba na wanandoa, wakiwahesabia maneno na kuwapima mapigo ya moyo, na walichokikuta kitamfurahisha kila mvivu: mengi yanayowaunganisha watu wawili ni mambo madogo, rahisi, na unaweza kuyafanya kwa makusudi. Najua unataka kupendwa bila kutoka jasho. Sote tunataka. Fuata hatua hizi, na usimwambie mtu nani kakufundisha.

1. Jipitishe

Mwaka 1968 Robert Zajonc wa Marekani alionyesha kwamba kitu tukikiona mara nyingi huanza kutupendeza, hata kama hatukielewi. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach wakawatafuta wanawake wanne wenye mwonekano unaolingana, wakawaingiza kwenye darasa la chuo kikuu: mmoja hakwenda kabisa, wengine walikwenda mara 5, mara 10 na mara 15. Hawakuzungumza na mtu, walikaa tu mahali pa kuonekana. Mwisho wa muhula wanafunzi walipoonyeshwa picha, aliyekuja mara 15 ndiye aliyewavutia zaidi.

Basi siku ya gulio, pita mbele ya meza ya umpendaye. Wiki ijayo pita tena. Nunua nyanya leo, karoti safari nyingine, na ununue kweli, kwa sababu mwenye meza anamkumbuka aliyelipa. Akikukwepa macho, badilisha njia na umwache afanye biashara yake.

2. Mpandishe mlima

Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walikwenda kwenye daraja la kuning'inia la Capilano, Canada, lenye urefu wa mita 137, likiyumba mita 70 juu ya mto. Msichana aliwahoji wanaume waliokuwa wakivuka, kisha akawaachia namba ya simu. Kati ya 18 walioichukua wakiwa darajani, 9 walimpigia. Kwenye daraja jingine, la chini na imara, waliichukua 16 na wakapiga 2. Moyo ulidunda kwa hofu, mwenye moyo akadhani unamdundia msichana.

Wao wana Capilano, sisi tuna Irente. Mpeleke kwa miguu mpaka pale mwamba unapokatika ghafla, Mazinde na mashamba ya mkonge yako chini kabisa, na nyika ya Wamasai imetandaa mpaka macho yanachoka. Simama naye karibu, kwa kiasi cha heshima, na uache upepo ufanye kazi.

Lakini oga kwanza. Nasema hivi kwa sababu mwaka 1981 Gregory White na wenzake waliwakimbiza wanaume palepale walipo, wengine dakika 2, wengine sekunde 15, kisha wakawaonyesha video ya mwanamke. Alipopambwa, waliokimbia sana walimpenda zaidi. Mwanamke yuleyule alipovurugwa sura, waliokimbia sana ndio waliomkataa zaidi. Kwa hiyo mlima unaongeza kile kilichopo. Piga mswaki, fua shati, ndipo mpande.

3. Itumie barabara ya Mombo

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, na ndani ya Hiace hakuna pa kukimbilia. Mwaka 1997 Aron huyohuyo na wenzake waliwaketisha watu wawiliwawili wasiojuana, wakawapa dakika 45 na maswali 36 yaliyopangwa kwa mafungu matatu, kila fungu likizama kuliko lililotangulia. Waliomaliza walijiona karibu zaidi kuliko wale waliopewa maswali ya porojo.

Mombo, kwenye joto, anza juujuu: siku ukiamka huna kazi yoyote, unaifanyia nini? Mkishaipita Soni, muulize nani alimlea, na alijifunza nini kwa kumtazama mlezi huyo. Baridi ikianza kuingia dirishani, uliza anachokiogopa. Kila unalouliza, lijibu na wewe, tena kwa kina kilekile alichofika yeye. Anayeuliza bila kujibu anahoji, na anayehojiwa hufunga mdomo. Mkifika stendi kabla maswali hayajaisha, shukuru Mungu, una sababu ya kuonana naye tena.

4. Ijue habari yake

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo penye mali.

Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu aitwaye Mary Ainsworth alikuwa Kampala, akizunguka vijiji vya Waganda na mkalimani wake, Katie Kibuka. Aliwafuatilia akina mama 26 na watoto wao 28, akikaa sebuleni kwao kama saa mbili kila baada ya wiki mbili hivi. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kilisaidia kuujenga utafiti wote wa baadaye kuhusu mtoto na mlezi, na mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wakauhamishia kwa wapenzi watu wazima. Kwa hiyo baadhi ya yanayosemwa leo Ulaya na Marekani kuhusu mapenzi yalipikwa kwanza huku kwetu Afrika Mashariki, kwenye nyumba zenye migomba uani.

Ainsworth aliona watoto wenye utulivu: wanatambaa kwenda mbali, wanageuka kumtazama mama, wanaendelea. Mama zao walikuwa na jambo moja lililojitokeza. Ukiwauliza habari za mtoto, walikumwagia mambo madogomadogo bila kuvutwa ulimi. Walimjua mtoto huyu, huyu hasa.

Hila yenyewe ndiyo hiyo. Zijue habari ndogo za mwenzio. Mkishaoana, anakotoka unakujua, na mahari yake hujaisahau. Je, ni tuta gani la shamba linalomtia hofu likilowa? Sokoni humwachia nani meza akienda kuswali au kunywa chai? Kama hujui, anza leo, na usianze kwa kumhoji kama afisa wa sensa. Ngoja alete mwenyewe, kwa sababu analeta kila siku.

Chukua jioni moja. Mkeo karudi kutoka Lukozi, kanga imelowa ukungu, amekaa kwenye kigoda anavua viatu vyenye udongo mwekundu. Anasema, "Baba Amina, leo karoti zimekwisha zote kabla ya saa nne." Ukijibu "Vizuri" huku macho yako kwenye simu, umemwangusha. Ukisema "Bei ya wiki ijayo itashuka," umemwangusha zaidi. Shelly Gable na wenzake, mwaka 2004, walizipanga namna nne za kuipokea habari njema ya mwenzio, na inayoendana na ndoa yenye raha ni moja tu: kuifurahia waziwazi na kutaka kuisikia zaidi. Sema, "Zote? Mama Amina, kabla ya saa nne! Kachukua nani, yule dalali wa Dar?" Kisha nyamaza asimulie. Hiyo haikuchukui hata dakika tano, na atalala akiiwaza.

Siku nyingine hana habari kubwa. Anasema tu, "Tazama ukungu ulivyoifunika Magamba." Tazama ukungu. John Gottman, aliyekuwa na maabara yake Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliwafuatilia maharusi kwa miaka 6. Waliobaki pamoja waliitikia miito midogo kama hiyo mara 86 katika 100. Walioachana, mara 33. Hata mabingwa, basi, waliikosa mara 14. Huna haja ya kuwa malaika, inua tu kichwa.

Utaniuliza kama huu si unafiki. Sikubali. Uliza habari za karoti kila jioni, hata kwa kujilazimisha, na kufika mwezi wa tatu utakuwa unamjua dalali kwa jina na unangoja mlango ufunguliwe. Kwangu hiyo ni ndoa kamili, na sijali imeingia kwa mlango gani.

5. Gombana kwa ujanja

Mtagombana, hilo halina dawa. Lakini Sybil Carrère na Gottman, mwaka 1999, walizirekodi jozi 124 za maharusi wakizungumzia jambo linalowatatiza kwa dakika 15, na dakika 3 za mwanzo zilitosha kubashiri nani ataachana ndani ya miaka 6. Basi chunga mwanzo tu. Usianze na "Wewe kila siku." Anza na kitu kimoja chenye jina: "Ile hela ya mbolea imenitia wasiwasi."

Na usingoje mambo yafike kata. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida inataka ugomvi upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, na huko utawasimulia majirani mambo ya chumbani. Njia ya mkato ni kumwita mshenga kichwani mwako. Eli Finkel na wenzake, mwaka 2013, walitoa habari za jozi 120 za wanandoa waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza raha ya ndoa, kwa wastani, ilipungua. Mwaka wa pili nusu yao waliandika mara tatu, dakika 7 kila mara: mtu wa nje anayewatakia heri wote wawili angeuonaje ugomvi wetu wa karibuni? Kwa walioandika, kushuka kulikoma. Ni dakika 21 kwa mwaka mzima.

Mshenga wako unamjua, sauti yake unaikumbuka tangu siku ya posa. Chagua siku tatu: moja masika, moja kwenye baridi ya Julai, moja vuli. Chukua daftari la mtoto na kalamu, kaa karibu na moto, andika vile mzee yule angesema, pamoja na yale ambayo angekusema wewe. Ukimaliza nenda kamsaidie mwenzio kuinua sufuria, na umuulize karoti zimefikia bei gani.