Tano bora za mwanga: kutoka malakiti ya Likasi hadi utando unaojikunja

Ndugu wa Likasi, ninyi mnaokanyaga shaba kila siku ndio wa kuambiwa haya kwanza. Tunahesabu kushuka.

5. Madini yenye jina la mji. Likasiti, ya samawati, imebeba shaba na naitreti. Ilielezwa kisayansi mwaka 1955. Timu ya mpira kila mji unayo. Madini, je?

4. Malakiti hubadili nguo. Chukua kipande chembamba cha fuwele yake, kimulike kwa mwanga unaotikisika upande mmoja tu, kisha kizungushe chini ya hadubini. Kijani kinakolea, kinafifia, kinakaribia kutoweka! Jiwe ni lile lile. Iliyobadilika ni pembe kati ya mtikisiko wa mwanga na mpangilio wa atomu. Mpangilio wenyewe hausogei hata ukimulika mpaka kesho.

3. Azobenzini haina ubishi huo. Pete mbili za benzini, atomu mbili za nitrojeni katikati. Ikimulikwa hujikunja, kisha hunyooka tena. Mkemia Hartley alilionyesha umbo hilo lililokunjika mwaka 1937.

2. Kosaini mraba, malkia wa orodha hii. Nishikeni, maana hapa ndipo ninapopenda! Molekuli ya azobenzini iliyolala sambamba na mtikisiko wa mwanga hunyonya mwanga kwa wingi. Ikiinama, kiasi hufuata mraba wa kosaini ya pembe kati yao: kwenye pembe ya digrii 60, hunyonya robo ya kiasi hicho. Kwenye 90, sifuri. Sasa kila inapojikunja na kunyooka, inaangukia upande wowote. Ikiangukia 90, mwanga hauigusi tena, imepona. Nyingine zinaendelea kusumbuliwa, zinageuka na kugeuka, mpaka nyingi zimejikusanya huko. Bahati nasibu tupu, lakini mwisho wake ni mpangilio! Mtu mwenye kalamu na jedwali la kosaini anaweza kuianza hesabu hii leo, pale pale Likasi.

1. Utando unaojikunja. Mwaka 2003, Yu, Nakano na Ikeda, huko Japani, walimulika utando wa polima yenye azobenzini kwa mwanga usioonekana wa nanomita 366. Ulijikunja kufuata upande wa mtikisiko. Mwanga wa kuonekana ukaunyoosha. Wewe chagua upande, utando utatii. Nao wananadharia wa Dresden, Ujerumani, wamekokotoa jambo linalonikosesha usingizi kwa furaha: badilisha tu namna azobenzini inavyoshikamana na mnyororo wa polima, na mwanga ule ule uliokuwa ukiirefusha polima utaifupisha.