Ukweli Ulipita Barabara Gani?

Kwa Wahariri wa Kamusi za Oxford,
Uingereza.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kulamawe, kaunti ya Isiolo, Kenya. Jina lisiwatishe, hatuli mawe.

Samahani kwa kuchelewa kuleta rambirambi. Mwaka 2016, baada ya kura ya Brexit na ushindi wa Donald Trump, mlitangaza neno lenu la mwaka, post-truth, nasi tukafahamu kwamba tumeingia zama za baada ya ukweli. Poleni sana. Ila tumekaa matanga ya mtu tusiyemjua: marehemu aliishi lini, na huku kwetu alipita barabara gani?

Wazee walidhani wamemwona mara moja, 1962. Tume iliyoteuliwa na Waingereza ilizunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini (NFD) ikiuliza watu wanataka nini, ikaandika kwamba Wasomali walio wengi wanataka kujiunga na Somalia. Machi 1963 serikali yenu ikaamua kinyume. Ukweli ulikuwa umeshapigwa chapa, ukabaki kabatini.

Vita vya kutaka kujitenga vilipozuka, Serikali ya Kenya iliwaita wapiganaji shifta, yaani majambazi. Wafugaji wa Kiborana wakazungushiwa ua Garbatulla na Merti, na kambi zile zikaitwa vijiji. Mifugo iliisha. Wazee huziita siku hizo Gaafa Daaba, wakati wa kusimama. Kisha 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yaliyotendwa huku kuanzia Desemba 25, 1963 hadi Desemba 1, 1967. (Tarehe, angalau, walikuwa waangalifu nazo.)

Hapakuwa na mitandao wala simu ya kulaumiwa. Ulikuwa uongo wa karatasi, wenye muhuri. Baada ya mauaji ya Wagalla, Wajir, 1984, Serikali ilisema wamekufa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti 2013, hesabu ilikaribia elfu moja, na hakuna aliyekufa tena hapo katikati.

Sisi tunashuku mlichozika ni mazoea ya wakubwa kuaminiwa. Mazoea hayo huku hayakuwahi kuota mizizi. Mfugaji hahami kwa sababu ya hotuba ya barazani. Hutuma kijana kwanza akaone kama kweli mvua ilinyesha na majani yapo.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Mtakapochapa tena kamusi, kando ya neno lenu tieni mwaka ambao ukweli ulianza kutawala siasa, na mahali. Tukiupata tutatuma kijana akaangalie.

Wenu,
Mkaazi wa Kulamawe