Vumbi la Tabaka na Kompyuta ya Sebuleni

Hapa Tabaka, Kisii, vumbi la jiwe la sabuni haliulizi mlango uko wapi. Wanaume wakichonga kwa panga na kisu, unga mweupe hupanda hewani na kutua juu ya mabati, juu ya shuka zilizoanikwa, juu ya ugali kama hukufunika. Sisi tunaopiga msasa huutuliza ndani ya beseni la maji, ila maji yakikauka uani unapeperuka upya. Sina neno baya na jiwe hili. Limetusomeshea watoto, tena limefika hadi makao makuu ya UNESCO kule Paris, katika sanamu ya ndege aliyoichonga mchongaji Elkana Ong'esa. Lakini kompyuta ya kuchezea gemu haikuumbwa kuishi nalo, na hapo ndipo ugomvi ulipowaka nyumbani kwangu.

Yetu ni HP EliteDesk 800 G1, ile fupi nyembamba, mtumba wa ofisi za Ulaya. Aina hiyo ilitoka mwaka 2013, na prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha nne. Baba watoto aliinunua ahifadhi picha za sanamu na kuwaandikia wateja. Kijana wetu mkubwa akaitia kadi ndogo ya michoro, GT 1030, na sebule ikageuka uwanja wa mpira. Majirani walikuwa wakija na viti vyao.

Kisha FIFA ikaanza kukwama. Si mwanzoni mwa mechi; mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Ilikwama kipindi cha pili, wachezaji wakitembea kwa kushtukashtuka, feni ikilia hadi nyanya ya watoto akauliza kama tumewasha posho mill ndani ya nyumba.

"Mama, ni kadi. Kadi imezeeka," kijana akasema.

"Kadi hiyo itakwenda shule badala yako?" babake akajibu. Karo ya muhula ilikuwa haijatimia, na mteja wa sanamu za viboko na vibao vya chesi alikuwa hajatuma pesa.

Mjomba wao wa Nairobi alisikia kilio hicho kwa simu. Mjomba ana moyo mkubwa. Wikendi iliyofuata alishuka kwenye matatu na kadi ya mtumba imefungwa kwa sweta: ndefu kama mkono, feni mbili, bei ya mbuzi wawili. Watoto walipiga vigelegele. Kasha likafunguliwa, na kadi ikagoma kuingia. Ilikuwa ndefu na pana kupita kasha, halafu ilidai waya wake wa umeme wenye tundu sita. Pawa saplai ya kasha lile ni ya wati 240, na waya wa namna hiyo haina.

Kijana akaenda kuchukua msumeno wa babake akate bati la kasha. Nyanya yake akauwahi, akaukalia.

"Huu ni wa jiwe," akasema, na hakuinuka hadi chakula cha jioni.

Basi kasha likabaki wazi, kadi ya zamani ikarudishwa, mechi zikaendelea. Uani tulikuwa tunamalizia oda kubwa, tupa na msasa mkavu kutwa nzima. Siku ya tatu jioni, sebule ikiwa imejaa, kompyuta ilizima yenyewe. Kimya. Mjomba alilaumu stima, kijana akalaumu kadi, baba watoto akamlaumu mjomba, na mimi nikalala sijaongea na mtu.

Aliyetuokoa ni binti yetu. Asubuhi aliifungua feni ya prosesa na kuniita nione. Katikati ya yale mabati membamba yanayopoza joto hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha uzi. Unga wa jiwe uliingia, unyevu wa masika ukaushika, ukakauka mgumu. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto ilikuwa imepasukapasuka. Prosesa ya kizazi hicho ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo isiungue, na joto likizidi hujizima. Ndiyo sababu dakika za mwanzo zilikuwa tamu na za mwisho chungu: kifaa dhaifu huonyesha udhaifu wake tangu kipenga cha kwanza, lakini joto huja polepole.

Alisafisha kwa brashi laini ya kupakia nta na pampu ya baiskeli, akishikilia mapanga ya feni yasizunguke. Tukaagiza pesti kutoka mjini Kisii. Jioni ile mechi ilichezwa hadi dakika ya 90 bila kukwama.

Tangu hapo nimekuwa mkali juu ya jambo hili, na nitalisema mbele ya mzazi yeyote. Baba watoto hanunui pande la jiwe kabla ya kuligonga asikie kama lina ufa, basi kompyuta nayo igongwe kwanza. Mchezo ukiwa unaendelea, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone nani amezidiwa. Kadi ikisoma karibu asilimia 100 na prosesa ina nafasi, kadi ndiyo inayovuta nyuma. Prosesa ikihema huku kadi imepumzika, kadi mpya ni pesa ya kutupa. Kwetu ramu ya GB 4 ilikuwa imejaa pomoni, na diski ile ya kuzunguka ilikuwa hoi. Tukatia SSD, tukaongeza kijiti cha ramu. Cha DDR3, maana cha DDR4 pengo lake liko mahali pengine na hakiingii hata ukilazimisha. Kadi ya mjomba, iliyokuwa imekaa bure, tulibadilishana na kijana mmoja wa Suneka kwa GTX 1650 ya kimo kifupi, ambayo wati zake 75 inazipata kwenye tundu lenyewe bila waya wa ziada.

Hapo tukaweka kikomo. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha nne haimo katika orodha ya Windows 11. Shilingi nyingine itakayotoka itanunua mashine nzima, wala haitatoka haraka: mwishoni mwa 2025 bei ya ramu ilipaa kwa sababu viwanda vilielekeza chipu kwenye vituo vya akili mnemba. Kijana anachonga viboko jioni na kuweka akiba. Kompyuta imehamia chumba cha nyuma, juu ya meza, mbali na uani, na kasha lake limefungwa.

Wiki iliyopita mjomba alipiga simu, ameona kadi nyingine ya bei poa. Baba watoto akaninyang'anya simu.

"Shemeji, kimo chake? Inataka waya? Wati ngapi?"

Mjomba akasema anarudi dukani na rula.