Posta Chini ya Cherehani

Mume wangu, Baba Salma, alipotangaza kwamba barua pepe zetu zitahamia kwenye kompyuta yake kuukuu, iliyowekwa chini ya meza ya cherehani yangu, nilidhani ni maneno tu. Kumbe ameshanunua vikoa vitatu: cha ushonaji wangu, cha duka la shemeji la vifaa vya ujenzi, na cha ukoo. Seva moja, majina matatu, na kuendesha ni bure kabisa, akadai.

Akaweka Postfix ya kupokea na kutuma, na Dovecot ya kutufungulia masanduku. Zote mbili hazina bei, na ubure ukaishia hapo. Mtandao wetu wa nyumbani ulikuwa umefungwa poti 25, ambamo seva hupelekeana barua. Isitoshe, IP yetu hubadilika-badilika, na wapokeaji wakubwa huzikwepa anwani za namna hiyo. Ikabidi akodi seva ng'ambo yenye IP ya kudumu. Ile ya chini ya meza ikabaki kunipasha miguu joto, na Dar es Salaam hii!

Barua zikaanza kuingia. Mimi nikaletewa oda ya saruji mifuko 50. Shemeji akanipigia: "Shemeji, kuna dada anataka kiuno inchi 28. Ni nondo gani hizo?"

Kumbe mwenzangu alikuwa ameviandika vikoa vyote kwenye mstari wa mydestination, na humo Postfix huvihesabu kuwa nyumba moja: anwani ya info ya cherehani na ile ya info ya saruji ni mtu yule yule. Vilitakiwa vikae kwenye virtual_mailbox_domains, kila anwani na sanduku lake. Mwongozo wa Postfix unakataza waziwazi kuandika kikoa kimoja sehemu zote mbili.

Halafu kila kikoa kina madai yake kwenye DNS, daftari la majina ya mtandaoni: SPF ya kutaja seva zinazoruhusiwa kutuma, DKIM ya kuthibitisha sahihi, DMARC ya kuelekeza barua isiyothibitika ifanywe nini. Cha ukoo kikasahauliwa. Mialiko ya kikao cha harusi ikatua kwenye barua taka za mashangazi, na lawama zikatua kwangu, mke wa mtu.

Leo barua zinafika. Ila dada, mumeo akitaka kujenga posta nyumbani, muulize kabla hajanunua kikoa: IP ni ya kudumu? Poti 25 iko wazi? Akibabaika, lipieni huduma ya watu, mlale.