Heshima ya Lebo

Tangu asubuhi ya tarehe 26 Juni, 1974, ilipopitishwa pakiti ya chingamu za Wrigley mbele ya mwale wa mashine katika duka la Marsh, mjini Troy, jimbo la Ohio, mistari myeusi ya msimbopau imekuwa ikipanda cheo katika biashara ya Marekani, hata leo bidhaa yenyewe, maskini, haina ila kuifuata lebo yake kama bi harusi afuatavyo somo wake. Mzalishaji aweza kumpelekea tajiri wa maduka shehena timamu, kwa wakati, isiyopungua hata kopo moja. Lakini ikiwa lebo ya boksi, yenye namba yake ya tarakimu 18, imebandikwa upogo, ama haikuafikiana na waraka wa kielektroniki uliotangulia shehena, hukatwa faini katika malipo yake, wala hapana kadhi wa kumpelekea shauri.

Ndipo ilipozuka programu ya kusimamia bohari, ichapayo lebo kwa kanuni za kila mnunuzi, na kumtia mpakizi kifaa mkononi ili kila muamala uandikwe pale pale aliposimama. Faida yake siikanushi: yale makaratasi ya karani, yenye mwandiko asioweza kuusoma hata mwenyewe, yameondoka. Ila sasa mtu husimama mbele ya boksi analoliona kwa macho yake mawili, tena ameliegemea, na kifaa kikamwarifu kwa mlio kwamba boksi hilo halipo. Naye, kwa adabu ya ajira, hulizunguka, akaenda kulitafuta.