Seva Imeanguka, Saini Hapa

Sun Microsystems ya Marekani, enzi zake, ilijinadi kuwa ndiyo nukta ya “dot-com”. Mwaka 2000 nukta ikawa inapepesa.

Seva zake za Enterprise, za bei ya kutisha, zilianguka katikati ya kazi kisha zikajiwasha upya bila hata kuomba radhi. Fundi naye akafuata desturi: pima joto, futa vumbi, shuku umeme, shuku programu, na ikibidi mshuku aliyekuwa zamu. Akifungua kumbukumbu za mfumo, anakuta mstari mmoja wa kosa la keshi, ile hifadhi ya haraka ya prosesa; chini yake mashine inajitambulisha upya, buheri wa afya.

Ubovu ulikuwa kwenye chipu za keshi ya nje ya prosesa ya UltraSPARC II. Biti moja ikigeuka, hata kwa mnururisho wa kawaida, ulinzi wa pariti uliweza kugundua kosa lakini si kulirekebisha. Ni mlinzi anayemwona mwizi, akafunga soko zima akaenda kulala.

Lakini utamu uko kwingine. Wateja waliotaka kuelezwa kinachowasibu waliombwa kwanza watie saini kwamba hawatasema. Hivyo kila kampuni ikauguza seva zake chumbani, ikiamini ni mkosi wake peke yake, mpaka jarida la Forbes lilipolianika jambo hilo Novemba mwaka huohuo.

Tiba ilikuwa keshi inayoandika kila data mara mbili. Hiyo haikuhitaji saini.