Mwanangu Si Mhusika Mkuu

Mwanamke akikuambia ameolewa na mwalimu wa Kiswahili, mpe pole kwanza. Hongera itafuata akipata nafuu. Wa kwangu anafundisha kidato cha tano na cha sita, na tangu tulipoambiwa kwamba mtoto ni wa kike alianza kuandaa jina kama anavyoandaa kipindi: daftari la peke yake, vipengele, mistari ya wino mwekundu chini ya maneno mazito. Mimi nilibeba mimba, yeye akabeba maktaba.

Masharti aliyaweka mwenyewe. Jina litoke katika fasihi yetu, katika vitabu vilivyodumu, lisiwe la juzijuzi, na mtoto akiulizwa maana yake aweze kujibu kwa insha. Mama mkwe alikuwa na sharti moja tu: siku ya saba mtoto ananyolewa, mbuzi anachinjwa, na yeye hachinji mbuzi kwa ajili ya mtoto asiye na jina. Basi nikawa nimelala pale, tumbo limefungwa kanga, bakuli la uji wa pilipili manga mkononi, nasikilizishwa mhadhara ambao sikuuomba.

Jina la kwanza lilikuwa Mwana Hashima.

"Unamjua Mwana Hashima, mke wangu?" akaniuliza, macho yanamng'aa.

Namjua. Ni binti wa Mwana Kupona, yule bibi mshairi wa visiwa vya Lamu, aliyemwandikia mwanawe utendi mwaka 1858 huku maradhi yamemshika. Utendi wenyewe ni mtamu, siwezi kuudharau, na mwanamke wa zama zile kuacha kazi yake inasomwa hadi leo si jambo dogo. Lakini katika beti mia moja na ushei, mume wangu anakumbuka zile tu zinazofundisha kumtunza mume: akilala apapaswe, asikose wa kumpepea. Anazikumbuka hasa umeme unapokatika.

Nikamwambia jina hilo limekuja na maagizo, na maagizo yenyewe ni ya kumhudumia mwanamume ambaye pengine bado hajazaliwa. Mwanangu ana kilo tatu. Hawezi kumpepea mtu. Akalikata kwa wino mwekundu, akashusha pumzi ndefu, mimi nikarudi kwenye uji uliokwisha poa.

Tukaingia kwenye riwaya, na huko ndiko nilikokasirikia.

Mama mkwe ndiye aliyesema Maimuna. Jina zuri, jina la mke wa Mtume, halina ubishi. Mtoto mwingine yeyote angemwitikia mama yake, tukalala. Wa kwake akafungua daftari. "Mama, Maimuna ni mhusika katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mwaka 1980." Akamsimulia bibi wa watu kisa chote: baba mheshimiwa huko nje na dhalimu nyumbani, binti aliyefungiwa ndani hata dunia haijui, akatoroka, akaishia kwenye ulevi na ukahaba.

"Astaghfirullah! Maimuna gani huyo?"

"Wa kwenye kitabu, mama."

"Basi hicho kitabu kifunge, jina utuachie."

Lakini jina lilikuwa limekwisha haribika. Kila nilipomtazama mtoto nikamwona akiruka dirisha.

Nikasema basi Rehema. Nyota ya Rehema, akajibu, 1976, binti anayekataliwa na baba yake mzazi. Bahati? Kiu, 1972, binti anayewindwa na mzee tajiri na kuolewa na kijana aliyetanguliza maslahi. Vyote viwili vimeandikwa na Mohamed Suleiman Mohamed, na mtu huyo sijui wasichana walimkosea nini. Wifi yangu akatoa Rosa, kwa kuwa alisikia ni jina la ua. Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971: kitabu kilichowahi kupigwa marufuku shuleni, na Rosa mwenyewe anaishia kujiua. Wifi akasema basi, na maua nayo tuyaache.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo mpaka leo sijapata jibu lake. Hivi hawa waandishi wetu wakubwa, wengi wao wanaume, walikubaliana wapi kwamba msichana akitokea ukurasa wa tatu lazima awe ameharibika kufikia wa hamsini? Mji ukioza, kuna mitaro iliyoziba ya kutuonyesha, kuna viongozi wala rushwa, kuna barabara. Hapana. Anatolewa binti wa watu kwao, tena aliyepewa jina zuri makusudi, anapelekwa baa, ili sisi wengine tupate funzo. Halafu mtihani unakuja na lile swali la nafasi ya mwanamke katika jamii, na darasa zima linaandika kwamba mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Niliandika hivyo mimi mwenyewe, na maksi nikapewa. Najua, ni uhalisia. Mwalimu amenieleza uhalisia mpaka nikahofia maziwa yatakauka.

Akadhani nimechoka na riwaya, akahamia kwenye tamthilia. Akasema Mazoea. Sitanii, jamani: mwanamume mzima, mwenye shahada, alisimama mbele ya mtoto mchanga akapendekeza aitwe Mazoea, yule binti wa Mzee Mitomingi katika Ngoswe ya Semzaba, ambaye mapenzi yake na ofisa wa sensa yaliishia kwa baba mtu kuzitia moto karatasi za serikali. Mama mkwe hakusema neno. Alinyanyuka akaenda jikoni kuchochea moto.

Ikabaki kimbilio la kila mtu wa Tanga, Shaaban Robert. Mama mkwe anadai tuna udugu naye kupitia shangazi mmoja wa Vibambani, alikozaliwa mwaka 1909. Sijapata kukutana na familia ya Tanga isiyo na huyo shangazi. Nilifarijika kidogo, kwa sababu mzee yule majina yake ni tabia njema tupu. Ila tabia njema karibu zote kawapa wanaume. Wajumbe sita wa Kusadikika, wenye majina ya kupendeza mpaka Ridhaa, ni wanaume watupu, na wote walirudi safarini wakatiwa gerezani. Katika Adili na Nduguze tukampata Huria, lakini ni binti wa mfalme wa majini, na mama mkwe akakataa kabisa kulitamka jina hilo saa za magharibi. Tukampata pia Mwelekevu. Mwalimu akalirudia mara kadhaa kwa sauti ya redio: Mwelekevu, Mwelekevu. Wifi akamtazama mtoto. "Mtaani watalikata tu. Watamwita Mwele."

"Mwele?" Mama mkwe akaweka mikono kichwani. "Mtoto mzima, mnamwita mgonjwa?"

Siti nililipenda kwa dhati. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akapewa jina la Mtumwa; Siti lilikuja baadaye, kwa heshima ya sauti yake, na sauti hiyo ikampeleka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Hapo nikasema tumefika: mwanamke wa kweli, aliyeanza chini, asiyeharibiwa na mwandishi yeyote ili mimi nijifunze. Wifi huyohuyo, ambaye akienda sokoni hukaa nyuma ya kondakta, akauliza mtoto atafanya nini siku anapita stendi na kusikia anatangazwa: siti za nyuma zipo, siti ya dirishani ipo. Sijamsamehe.

Wakati huo huo jirani yetu alikuwa akija kila jioni kunijulia hali. Ana mabinti watatu: Jessica, Vanessa na Wendy. Hakuwahi kukesha na daftari, hakuwahi kugombana na mtu, na watoto wake wanaitika. Siku hiyo alikuja na bakuli la supu ya kuku wa kienyeji, harufu imetangulia, akatuuliza kwa upole kwa nini tunajitesa wakati majina yamejaa. "Mimi yangu sikuyatoa vitabuni," akasema. "Jessica nililitoa kwenye Biblia."

Nilimwona Mwalimu akivuta kiti. Nikamkonyeza. Nikakohoa. Nikamfinya hata mtoto kidogo, Mungu anisamehe, ili alie. Wapi.

Akamweleza mama wa watu kwamba jina hilo, kwa umbo lake hilo, linaonekana kwanza katika tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya 1590, ile iliyotafsiriwa mwaka 1969 kuwa Mabepari wa Venisi na "mwalimu mwenzangu, Nyerere". Mwenzangu! Akaendelea kwamba Jessica ni binti wa Shylock, na kwamba usiku mmoja alikusanya dhahabu na vito vya baba yake akatoroka na mwanamume. Vanessa, akasema, ni jina lililoungwaungwa na Jonathan Swift kutokana na jina la Esther Vanhomrigh, mwanamke aliyempenda sana, naye Swift hakumwoa. Na Wendy lilikuwa adimu mno hadi tamthilia ya Peter Pan ya mwaka 1904. Asili yake ni mtoto mdogo wa rafiki wa mwandishi, aliyekuwa hajaweza kutamka vizuri neno la Kiingereza la rafiki. Huyo Wendy mwenyewe anachukuliwa kwao usiku akawe mama wa watoto wa kiume wasio wake, na kuwatililia soksi.

Jirani alisikiliza mpaka mwisho, ana adabu zake. Kisha akainuka, akasema anaenda kuangalia kama Jessica yupo nyumbani, akachukua bakuli lake. Supu nilikuwa nimeonja vijiko viwili.

Usiku ule, njaa inanisumbua na mtoto hataki kulala, ndipo nilipomkumbuka Yasmin. Mwalimu amefundisha Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi miaka nenda miaka rudi, maandalio ya somo yamejaa kabatini, na jina hilo halikuwamo kwenye daftari lake! Binti anayeozwa kwa mzee wa kumzaa, anachoka, anaondoka. Ndugu zake wanamfungia mlango, anahamia Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma. Anampenda mpigania uhuru, anapata taabu zake kama watu wote, na, hili ndilo la maana, ukurasa wa mwisho unamkuta hai. Nilikuwa tayari kulisahau lile sharti la insha.

Nikamwamsha. Naam, nilimwamsha, Mwana Kupona aniwie radhi.

"Riwaya hiyo ni ya 1999," akasema macho yamefumba. "Ni ya juzi."

"Watoto waliozaliwa mwaka huo sasa wana watoto."

Akafumbua jicho moja. "Lakini Yasmin anamwacha mume wake."

"Hapo ndipo lilipoanza kunipendeza."

Tulibishana hadi adhana. Hoja iliyomshinda haikutoka kwangu: mbuzi alikuwa amekwisha nunuliwa, amefungwa chini ya dirisha letu, na alikesha akilia. Asubuhi nikamwambia mama mkwe tumepata. Akatabasamu, akasema yasmini ni ua zuri, kwao walikuwa nalo mlangoni, na Mwalimu, kwa rehema za Mungu, hakufungua daftari. Akika ikafanyika, pilau ikaliwa, hata jirani alileta tena supu ingawa hakuingia ndani.

Wiki iliyofuata wakaja wanafunzi wake wa kidato cha sita na sabuni, mafuta ya mtoto na doti ya kanga. Watoto wenye heshima, shikamoo ya kila mtu. Msichana mmoja akampakata mtoto, akauliza jina, akaambiwa. Akachangamka kweli.

"Yasmin! Bibi, unamjua Yasmin? Si ndiye aliyemtoroka Bwana Raza akaenda kukaa..."

Mama mkwe akaacha kukunja nepi. "Aliyemtoroka nani?"

Nikamtazama Mwalimu. Mtu huyu, ambaye hajawahi kumnyima mwanadamu yeyote muhtasari wa kitabu, alisimama, akamtwaa mtoto mikononi mwa yule msichana, akasema hilo halimo kwenye mtaala.